Maneno na Sauti: Vipindi vya Muziki wa Ulaya kwa Waimbaji wa Kanisa

Mkristu wa Bunia ahudhuriaye Misa Takatifu siku ya sikukuu kubwa aweza kusikia nyimbo za karne nyingi kabla hajatoka kanisani. Mwanzoni kwaya inaimba Kyrie ya Kilatini, ambayo wazee waliipokea kwa Mapadri Weupe. Kwenye Utukufu ngoma zinalia, na akina mama wanapiga vigelegele. Baada ya Komunyo, watu wakiwa wamepiga magoti, waimbaji wanaimba Ave verum ya Mozart kwa sauti nne, nacho kinanda cha umeme kinawasindikiza. Kisha, Misa ikiisha, maneno huanza uani. Mzee atasema kwamba ngoma zinavuruga sala. Kijana atamjibu: "Sawa, Baba, lakini Kilatini kile nani alikielewa?"

Wote wawili huamini jambo moja lisilo kweli, yaani kwamba muziki wa Ulaya ni kitu kimoja, kilichotoka Roma kikiwa kimekwisha kamilika, na kwamba Mwafrika hana budi ama kukipokea kizima ama kukikataa kizima. Muziki huo una vipindi vyake, kama maisha ya mtu yalivyo na utoto, ujana na utu uzima. Ulibadilika mara nyingi. Uligombaniwa na maaskofu, wafalme na waimbaji. Hata Mapapa waliukemea zaidi ya mara moja. Na katika karibu kila kipindi ugomvi ulikuwa ule ule wa mzee na kijana wa Bunia: je, sauti yayachukua maneno ya sala, au yayafunika?

MACHOZI YA MTAKATIFU AGOSTINO

Mmoja wa wale wa kwanza walioliandika swali hilo waziwazi alikuwa Mwafrika. Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, akabatizwa mjini Milano usiku wa Pasaka ya mwaka 387 kwa mkono wa Askofu Mtakatifu Ambrosi. Mwaka mmoja kabla ya ubatizo huo, Yustina, mama wa Kaisari kijana, alitaka kuwanyang'anya wakatoliki kanisa ili awape wafuasi wa Ario. Waamini wakakesha kanisani pamoja na askofu wao, wakiwa tayari kufa naye. Ndipo walipofundishwa kuimba tenzi na zaburi kwa desturi ya Wakristu wa Mashariki, ili mioyo yao isizimie kwa huzuni na uchovu. Watu wa Ituri waliokesha makanisani katika miaka ya vita hawana haja ya kuelezwa sana jambo hilo.

Agostino aungama katika kitabu chake cha Maungamo kwamba nyimbo za Milano zilimtoa machozi. Lakini alipokuwa askofu aliingiwa na mashaka. Kila alipojiona amependezwa na sauti kuliko maneno yaliyoimbwa, alijihesabu kuwa amekosa, akatamani afadhali asingalimsikia mwimbaji. Hata hivyo hakuthubutu kuziondoa nyimbo kanisani, maana aliyakumbuka machozi yake ya kwanza, jinsi yalivyomsaidia kuamini. Akabaki katikati, akisitasita, naye hakuona haya kusema kwamba anasitasita. Walimu wengi waliomfuata walikata shauri upesi kuliko yeye, wala si lazima kusema kwamba walimpita kwa hekima.

SAUTI MOJA

Nyimbo za kale za Kanisa la Roma huitwa za Kigregoriani kwa heshima ya Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa tangu 590 hadi 604. Picha za zamani zamwonyesha ameketi, njiwa ametua begani pake akimnong'oneza nyimbo sikioni. Picha ni nzuri, lakini historia haikubali. Nyimbo hizo kama zijulikanavyo zilipata umbo lake zaidi ya miaka mia na hamsini baadaye, wakati wafalme wa Wafranki, Pipino na mwanawe Karolo Mkuu, walipotaka makanisa ya nchi zao yaimbe kama Roma. Waimbaji wa Roma wakakutana na waimbaji wa Gallia. Kila upande ukatoa, kila upande ukapokea. Basi hata wimbo unaohesabiwa kuwa wa Kirumi kuliko zote ni mtoto wa makabila mawili.

Wimbo wa Kigregoriani una sauti moja tu. Wote huimba noti zile zile, bila ngoma, bila mapigo ya kuhesabiwa kwa mguu. Mwendo wake ni mwendo wa maneno yenyewe. Pengine silabi moja, hasa ya mwisho wa Aleluya, hupewa noti nyingi mno, kana kwamba furaha imeyashinda maneno; lakini kwa kawaida maneno ndiyo yanayotembea mbele, na sauti hufuata nyuma kama mtumishi.

Kwa muda mrefu nyimbo hizo zilikaa katika kumbukumbu za watu, kama tenzi za wazee zilivyokaa. Katika karne ya 9 na ya 10 waandishi walianza kuweka alama ndogo juu ya maneno. Nazo zilionyesha tu kwamba sauti yapanda au yashuka, si kwa kiasi gani. Asiye na mwalimu hakuweza kujifunza kitu. Mmonaki mmoja, Guido wa Arezzo, ndiye aliyefungua njia mwanzoni mwa karne ya 11. Alipanga alama hizo juu ya mistari, kila mstari na noti yake. Tena alichukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao sehemu zake sita za kwanza huanza kila moja noti moja juu ya ile iliyotangulia, akazipa noti majina ya silabi zile: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut iligeuzwa kuwa do, kwa kuwa ni rahisi kuimbika, na si ikaongezwa juu. Guido alisema kwamba waimbaji waliohitaji miaka kumi sasa waweza kufundishwa kwa mwaka mmoja au miwili. Wenzake katika monasteri ya Pomposa hawakufurahi. Walimwonea wivu hata akahama. Kila mwalimu wa kwaya aandikaye do, re, mi kwa chaki ubaoni ni mwanafunzi wa mmonaki huyo aliyefukuzwa kwa wivu.

SAUTI NYINGI, MJINI PARIS NA MSITUNI ITURI

Tangu wakati wa Guido, na hata kabla yake, waimbaji wengine walikuwa wamekwisha kujaribu kuweka sauti ya pili juu ya wimbo wa kale. Lakini katika Kanisa Kuu la Mama Yetu mjini Paris, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1163, jambo hilo likawa kazi ya ustadi. Majina mawili yamehifadhiwa, Leoninus na Perotinus. Huyu wa pili alitunga nyimbo za sauti nne, moja yake kwa ajili ya Noeli, ambamo wimbo wa Kigregoriani huvutwa chini polepole, neno moja kwa dakika nzima, huku sauti tatu zikirukaruka juu yake. Ni muziki wa ajabu. Ila msikilizaji hawezi kufahamu hata neno moja. Mwaka 1324 au 1325 Papa Yohane XXII aliandika barua kali akiwakemea waimbaji wanaokatakata nyimbo na kuzijaza noti ndogondogo hata wimbo wenyewe usitambulikane.

Yafaa kusimama kidogo hapa. Vitabu vingi vya zamani vilifundisha kwamba uimbaji wa sauti nyingi ni uvumbuzi wa Ulaya, nao mataifa mengine waliupokea kutoka huko. Mtu wa Ituri hana sababu ya kusadiki hivyo. Wambuti wa msitu ulio magharibi ya Bunia huimba kwa sauti nyingi zilizosukwa pamoja kama mkeka: huyu atoa noti moja na kunyamaza, mwenzake ajaza pengo kwa noti nyingine, wa tatu ajibu kwa sauti irukayo kutoka kifuani hadi kichwani, na kutoka vipande hivyo wimbo mmoja hutokea ambao hakuna mtu mmoja anayeuimba. Hawakujifunza kwa Perotinus. Kule Paris waliita ufundi wa namna hiyo, wa kugawana noti na vinyamazo, kwa jina la kwikwi, maana wasikilizaji walifikiri mwimbaji ameshikwa na kwikwi.

Mwingereza Colin Turnbull, aliyekaa na Wambuti karibu na mto Epulu katika miaka ya 1950, alinasa nyimbo zao kwa mashine. Aeleza kwamba alipoonyeshwa kwa mara ya kwanza baragumu takatifu ya molimo, ambayo sauti yake huuamsha msitu, alishangaa kukuta ni bomba la chuma la kupitishia maji. Wambuti hawakuona neno. Kwao jambo kubwa lilikuwa sauti, si kitu kiitoacho. Fundisho hilo lingewafaa wale wanaofikiri kwamba kanisa lisilo na kinanda cha bei kubwa haliwezi kuwa na muziki. Wimbo mmoja wa wasichana wa Kimbuti, ulionaswa na Turnbull huyo, uliwekwa katika sahani za dhahabu zilizorushwa angani mwaka 1977 ndani ya vyombo viwili vya Marekani viitwavyo Voyager. Katika sahani hizo hizo mna Bach, Mozart na Beethoven. Wimbo wa Ituri wasafiri pamoja nao nje ya sayari zote, nao hauketi nyuma yao.

Karne ya 15 na ya 16 huitwa Renesansi, maana yake kuzaliwa upya. Sauti nne, tano au sita zilijifunza kusikilizana. Kila moja ina wimbo wake, wala hakuna iliyo mtumwa wa nyingine. Mabwana wa sanaa hiyo walikuwa wengi, akina Dufay, Josquin na Lassus, watu wa nchi za Ubelgiji na Ufaransa ya kaskazini. Lakini anayekumbukwa zaidi na Kanisa ni Giovanni Pierluigi da Palestrina, aliyekufa Roma mwaka 1594.

Juu yake kuna hadithi inayopendwa na waalimu. Yasimuliwa kwamba Mababa wa Mtaguso wa Trento walikuwa karibu kuipiga marufuku nyimbo ya sauti nyingi, na kwamba Palestrina akawaletea Misa yake ya Papa Marseli. Nao waliposikia kila neno waziwazi wakaghairi. Mambo hayakwenda hivyo. Amri ya Mtaguso ya mwaka 1562 ilikataza tu muziki wenye mambo machafu au ya anasa katika Misa. Lakini hadithi ina punje ya kweli ndani yake. Papa Marseli II alitawala siku 22 tu katika mwaka 1555. Siku ya Ijumaa Kuu aliwaita waimbaji wake akawaambia kwamba nyimbo za siku ile zapaswa kufanana na huzuni yake, na maneno yasikike na kufahamika. Misa yenye jina lake, iliyochapishwa mwaka 1567, yatii neno hilo hasa katika Utukufu na Nasadiki, ambapo maneno ni mengi: sauti sita hutamka silabi pamoja, kama mkutano unaosali.

BAROKI NA KLASIKI

Tangu mwaka 1600 hivi mambo yaligeuka. Huko Italia walianza kucheza opera, yaani mchezo wa kuimbwa, ambamo mtu mmoja husimama mbele na kuimba hasira, mapenzi au msiba wake, na vyombo vinamtegemeza chini. Monteverdi alitoa opera yake ya Orfeo mwaka 1607, na miaka mitatu baadaye akautia ufundi huo huo katika Masifu ya Jioni ya Bikira Maria. Kipindi hicho, hadi 1750 hivi, huitwa Baroki. Ni wakati wa zeze za Kiitalia zilizotengenezwa na Stradivari, wa vinanda vikubwa vya mabomba, na wa Padri Vivaldi wa Venezia, aliyepadirishwa mwaka 1703, ambaye nywele zake zilimpatia jina la Padri Mwekundu.

Mkubwa wao wote alikuwa Johann Sebastian Bach (1685–1750), mwalimu wa uimbaji huko Leipzig kwa miaka 27. Alikuwa Mlutheri, na wakatoliki wa zamani hawakumsikia sana makanisani. Kosa hilo limeondoka. Kwenye kurasa za mwisho za kazi zake nyingi aliandika herufi S.D.G., yaani kwa Mungu peke yake utukufu. Katika miaka yake ya mwisho, macho yakiwa yanafifia, alikamilisha Misa nzima ya Kilatini yenye sehemu zote za Misa ya kikatoliki, kazi ndefu kupita kiasi kwa ibada yo yote. Hakuna ajuaye kwa hakika aliikusudia kwa nani.

Wakati ule ule opera iliingia kanisani kupitia mlango wa nyuma. Watu walikwenda Misa kumsikiliza mwimbaji mashuhuri, wakampigia makofi. Mwaka 1749 Papa Benedikto XIV aliandika barua ndefu juu ya jambo hilo, akikumbusha kwamba kanisa si ukumbi wa michezo.

Kipindi kifuatacho, cha nusu ya pili ya karne ya 18, huitwa Klasiki. Haydn, Mozart na Beethoven kijana ndio nguzo zake. Muziki ukawa mwepesi na wenye mpango: swali, jibu, kurudia, kufunga. Askofu Mkuu wa Salzburg, bwana wa Mozart, alitaka Misa kuu isizidi dakika 45, muziki wote ukiwemo; Mozart alimlalamikia rafiki yake kwa barua, lakini akatii, na Misa zake fupi ni nzuri.

Juu ya Ave verum yafaa kusema zaidi, kwa sababu ndiyo inayoimbwa Bunia, na mara nyingi yaimbwa vibaya. Mwezi wa Juni 1791 Mozart alikwenda kumtazama mkewe Constanze, mgonjwa na mja mzito, aliyekuwa akioga maji ya moto ya Baden karibu na Vienna. Mwalimu wa kwaya ya parokia ya mji ule mdogo, Anton Stoll, alikuwa rafiki yake na alikuwa amekwisha kumsaidia mara nyingi. Sikukuu ya Mwili wa Kristu ilikuwa karibu. Mozart akamtungia wimbo wa vipimo 46 tu, kwa sauti nne, zeze chache na kinanda. Juu ya karatasi aliandika maneno mawili ya Kiitalia, sotto voce, maana yake kwa sauti ya chini. Alikuwa na umri wa miaka 35, na tarehe 5 Desemba ya mwaka ule alikufa.

Basi huyo aliyeweza kuandika kitu cho chote alichotaka aliandika kwa kipimo cha waimbaji wa kijijini. Hakuna noti ya juu ya kujionyesha. Sauti nne hutamka maneno pamoja, na mahali pa kuchomwa ubavu wa Yezu na kutoka maji na damu, muziki wahama ghafula kwenda katika njia ya mbali kisha warudi polepole. Ni pale karibu na mwisho tu, maneno yanapotaja saa ya kufa, ndipo sauti zinapoachana na kufuatana. Kwaya inayopaaza sauti tangu kipimo cha kwanza, na kipaza sauti kimefunguliwa mpaka mwisho, haina tena mahali pa kwenda inapofika kwenye damu.

Beethoven (1770–1827) alikivusha kipindi hicho hadi kingine. Aliahidi kuandika Misa kuu kwa ajili ya kusimikwa kwa rafiki na mwanafunzi wake, Rudolf wa Austria, awe Askofu Mkuu wa Olomouc mwaka 1820. Askofu alisimikwa, Misa ikaisha karibu miaka mitatu baadaye. Walimu wa kwaya wanaochelewa na nyimbo za Noeli wana mtangulizi mkubwa. Simfonia yake ya tisa ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, na yeye akiwa kiziwi. Yasimuliwa kwamba mwimbaji mmoja alilazimika kumgeuza kwa mkono, apate kuona makofi asiyoyasikia. Simfonia hiyo hiyo imepigwa Kinshasa na Okestra ya Simfonia ya Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Mwanzoni zeze zilikuwa chache, wapigaji wakazishika kwa zamu. Uzi ulipokatika walitumia waya wa breki ya baisikeli.

TANGU ROMANTIKI HADI MISA LUBA

Karne ya 19, iitwayo Romantiki, ilipenda vitu vikubwa na mioyo iliyofunguliwa: okestra za watu mia, na huzuni isiyofichwa. Schubert na Gounod waliacha Ave Maria zinazoimbwa kwenye ndoa mpaka leo, ingawa wimbo wa Schubert uliandikwa kwa ajili ya msichana katika shairi la Kiskoti wala si kwa ajili ya kanisa. Verdi aliandika Misa ya Wafu mwaka 1874 ambayo yatisha kama ngurumo. Bruckner wa Austria, mpiga kinanda mnyenyekevu, aliiweka wakfu simfonia yake ya mwisho kwa Mungu mwenyewe. Lakini katika parokia nyingi, hasa za Italia, Kyrie iliimbwa kama wimbo wa mapenzi wa opera, na bendi yenye ngoma kubwa na matoazi ikasindikiza.

Dhidi ya hayo Papa Mtakatifu Pio X alitoa agizo lake la tarehe 22 Novemba 1903. Alirudisha wimbo wa Kigregoriani uwe kipimo cha muziki wote wa Kanisa, akamsifu Palestrina, akakataza kanisani piano, ngoma, matoazi na vyombo vya kelele. Na wanawake hawakuruhusiwa kuwa katika kwaya rasmi ya ibada.

Hapo ndipo ugomvi wa mzee na kijana wa Bunia ulipozaliwa. Agizo lilikusudiwa kuponya ugonjwa wa Ulaya, wa makanisa yaliyogeuka kuwa majumba ya opera. Lakini sheria ya Kanisa ilifika pia misioni, mahali ambapo opera haikujulikana, na ngoma iliyokatazwa haikuwa ile ya bendi ya Kiitalia, bali ile iliyowaita watu kwenye mazishi, mavuno na ndoa. Kwa miaka mingi wakristu wa Ziwa Alberti walijifunza Misa ya Malaika kwa Kilatini, wakaiimba vizuri, wakaipenda. Machozi ya wazee wanapoisikia si ya uongo. Ila ngoma ilibaki nje ya mlango, na wengi walidhani ni ngoma yenyewe iliyohukumiwa.

Mlango ulifunguka kidogo kidogo. Papa Pio XII, katika barua yake ya Noeli 1955 juu ya muziki mtakatifu, aliwahimiza wamisionari kuzitunza na kuzitumia nyimbo za mataifa. Huko Kamina, Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amekusanya kwaya ya watoto na walimu. Tarehe 23 Machi 1958 Misa Luba iliimbwa huko kwa mara ya kwanza: maneno ni ya Kilatini, sauti na ngoma ni za Wakongo wenyewe. Kyrie yafuata kasala, namna ya maombolezo ya Waluba. Sanctus yatokana na wimbo wa kuagana. Waimbaji hawakusoma noti. Walijaza sehemu zao kwa kipaji papo hapo, kama desturi yao ilivyo. Mwaka ule ule waliiimba Ulaya, hata kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Watu waliishangaa ngoma. Afadhali wangaliyashangaa maneno, maana Sanctus ya kuagana, iliyoimbwa kabla ya Yezu kujitoa altareni, ni fundisho la dini ambalo Palestrina hakulifikiria.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturjia Takatifu. Hati hiyo yaupa wimbo wa Kigregoriani mahali pa kwanza katika liturjia ya Kirumi, na haijafutwa. Tena yaagiza kwamba katika nchi za misioni, mataifa yenye muziki wao wenyewe wapewe heshima yao katika kumwabudu Mungu. Agizo la mwaka 1967 likaongeza kwamba vyombo vya muziki vipimwe kwa kuangalia tabia na mapokeo ya kila taifa. Ng'ambo ya Ziwa Alberti, Joseph Kyagambiddwa alikuwa amekwisha kutunga oratorio ya Kiganda juu ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwezi wa Oktoba 1964 walipotangazwa watakatifu. Tanganyika, Padri Stephen Mbunga aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1963, akipima sheria za Kanisa mbele ya muziki wa Kibantu. Na mwaka 1988 Roma ilikubali Misali ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, ambamo watu hucheza kwenye Utukufu. Kijana anayefikiri kwamba ngoma iliingia kwa kuvunja sheria, na mzee anayefikiri hivyo hivyo, wote wawili wamekosea.

Ulaya yenyewe haikusimama. Katika karne ya 20 watungaji wengi waliziacha kanuni za zamani za sauti, na masikio ya watu wengi hayakuwafuata. Mmoja afaa kutajwa katika nchi iliyojua kambi za wakimbizi. Olivier Messiaen, mpiga kinanda mkatoliki wa Paris, alikuwa mfungwa wa vita huko Görlitz. Aliandika muziki kwa ajili ya zeze, zeze kubwa, klarineti na piano, kwa kuwa wafungwa wenzake walijua kupiga vyombo hivyo tu, akaweka jina kutoka kwa malaika wa Ufunuo anayetangaza mwisho wa nyakati. Ulipigwa kambini tarehe 15 Januari 1941, katika baridi kali, mbele ya wafungwa na askari waliowalinda.

MAZOEZI

Mwalimu wa kwaya aweza kuwauliza waimbaji wake kwa nini Agostino aliogopa, na kwa nini hata hivyo hakuzikataza nyimbo. Tena awaulize ni ugonjwa gani Pio X aliotaka kuuponya, na kama ugonjwa huo umo katika kwaya yao wenyewe, hata kama hakuna opera Bunia. Wale wanaoijua lugha ya nyumbani, iwe Kilendu, Kihema, Kialuru, Kibira au nyingine, watafute wimbo wa wazee wa kuagana au wa kumpokea mgeni, waeleze ungefaa sehemu gani ya Misa, na kwa sababu gani. Mwishoni waimbe Ave verum mara mbili: mara ya kwanza kwa nguvu zote na kipaza sauti, mara ya pili bila kipaza sauti, kwa sauti ya chini kama Mozart alivyoandika. Mmoja wao akae mlangoni mwa kanisa na daftari, aandike kila neno analolifahamu. Kisha karatasi mbili zilinganishwe mbele ya wote.